KAHAWA YA BARAZANI NAYO IPEWE HADHI YAKE

Katika miaka ya karibuni Mji Mkongwe wa Unguja umepata maduka madogo ya kahawa ya namna mpya. Si mikahawa ya chai na maandazi tuliyoizoea, bali ni vyumba vyembamba vyenye meza tatu au nne, ambamo kahawa hupimwa, husagwa na kupikwa kwa utaalamu mbele ya macho ya mnunuzi. Wapo wanaoyabeza maduka hayo kuwa ni anasa ya watalii. Sisi hatukubaliani nao. Hata hivyo, maduka hayo yanatuuliza swali, sisi wananchi na wakubwa wetu serikalini, nalo linastahiki jibu.

Mwandishi wa safu hii aliingia hivi karibuni katika mojawapo ya maduka hayo, lililo katika kichochoro ambamo pikipiki, mikokoteni na makundi ya wageni hupishana kwa taabu. Kijana aliyekuwa akihudumu alipima gramu 18 za buni zilizokaangwa, akazisaga papo hapo, kisha akautia unga wake katika mashine inayosukuma maji ya moto kwa nguvu, mpaka kahawa ikatoka nzito na yenye povu. Alipoulizwa buni zimetoka wapi, alijibu bila kusita: ni arabika ya Mbeya. Akaeleza kwamba buni zikikaangwa kupita kiasi hubaki uchungu mtupu, na kwamba kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu yake upesi. Aliyasema hayo kwa fahari ya fundi anayeijua kazi yake.

Kahawa ile ilikuwa nzuri kweli kweli. Lakini orodha ya vinywaji iliyobandikwa ukutani haikuwa na neno hata moja la Kiswahili, na bei ya kikombe kimoja ingetosha kumnywesha mzee mmoja kahawa ya barazani kwa siku nyingi.

Kahawa si ngeni visiwani. Ingawa zao letu kuu ni karafuu, na buni twaletewa kutoka Bara, kahawa tungu imekuwa sehemu ya maisha yetu kwa vizazi vingi. Muuza kahawa na dele lake juu ya jiko la makaa, vikombe vidogo visivyo na mikono, tangawizi, kashata na halua: hayo ndiyo yaliyowakusanya watu baada ya sala ya alasiri na baada ya isha. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, na kwenye mabaraza mengine ya mjini na mashamba, kikombe hicho ndicho kilichomketisha tajiri karibu na mchukuzi. Hapo habari za msiba hufika, ugomvi wa majirani husuluhishwa, na siasa hujadiliwa. Kweli, tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 baadhi ya maskani zimevaa rangi za vyama, na wapo viongozi wanaozitazama kwa jicho la shaka. Lakini kiongozi mwenye busara huona ni heri kuyasikia maneno ya watu yakisemwa hadharani kuliko yakinong'onwa gizani.

Basi swali lenyewe ni hili: kwa nini kahawa ile ile ikiuzwa ndani ya kuta nne ionekane biashara ya heshima, na ikiuzwa barazani ihesabiwe uchuuzi wa kuvumiliwa tu? Mwenye duka hupewa leseni, maji na umeme. Muuza kahawa wa mtaani hana uhakika wa mahali pake pa kesho. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kahawa yetu ni chema kilichojitembeza kwa miguu miaka mingi, wala thamani yake haikupungua kwa hilo.

Wakubwa wa afya watasema kuna hatari, nao wana haki. Ndoo moja ya maji ya kusuuzia vikombe vya watu hamsini si jambo la kutetewa, hasa baada ya mlipuko wa kipindupindu uliotusumbua mwaka 2015 na 2016. Lakini dawa ya maji machafu ni maji safi. Manispaa ikiweka mabomba karibu na mabaraza yajulikanayo, ikatoa vitambulisho vya wauza kahawa kwa ada nafuu, na Wizara ya Afya ikawafunza kuosha vikombe kwa maji yanayochemka, hatari hiyo itapungua sana, na riziki za watu zitabaki.

Liko na jambo la urithi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Majumba, milango na vichochoro vinalindwa kisheria, na ni sawa. Lakini baraza lisilo na watu ni jiwe tu. Uturuki iliitambulisha kahawa yake kwa UNESCO mwaka 2013. Mwaka 2015 Oman, Saudi Arabia, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu zikafanya hivyo kwa kahawa ya Kiarabu, kama alama ya ukarimu. Sisi tulio na udugu wa damu na biashara na Oman tunangoja nini kuiandika mila yetu wenyewe, angalau katika madaftari yetu?

Wenye maduka mapya nao wana wajibu. Waandike bei kwa Kiswahili, wataje mkoa buni zilikotoka, na wawafungulie wauza kahawa wa mtaani elimu ya kukaanga na kusaga. Wauza kahawa kwa upande wao waache kuchoma buni mpaka zikawa mkaa, kwani mteja aliyeonja kilicho bora hatasahau.

Hatutaki duka lifungwe ili baraza lipone, wala baraza lifukuzwe ili duka linawiri. Tunataka wakubwa wetu, wanapopanga mji huu kwa ajili ya wageni, wamwekee nafasi muuza kahawa kabla hajaondoka mwenyewe. Akishaondoka, hakuna mradi utakaomrudisha.