Kisu cha Ughaibuni, Kidonda cha Nyumbani

Mnamo Januari 2024, idara ya serikali ya Marekani inayohusika na udhibiti na kinga ya magonjwa, CDC, ilitangaza hesabu iliyopaswa kutushtua sote. Raia 93 wa nchi hiyo walikuwa wamefariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kurembesha mwili katika Jamhuri ya Dominika kati ya mwaka 2009 na 2022. Miongoni mwa wale ambao maiti zao zilichunguzwa, wengi waliuawa na mafuta au madonge ya damu yaliyosafiri hadi mapafuni. Serikali ya Uingereza nayo imewatahadharisha raia wake kwamba zaidi ya wenzao 20 wamefia Uturuki tangu Januari 2019 kufuatia safari za matibabu.

Hesabu hizo zinajumuisha upasuaji wa aina nyingi, hususan ule wa kunyonya mafuta. Leo nakusudia kuuzungumzia mmoja tu: upasuaji wa kuongeza matiti kwa vifuko vya silikoni au vya maji ya chumvi. Kwa mujibu wa chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hiyo, ISAPS, katika miaka ya karibuni umekuwa ukifanywa zaidi ya mara milioni moja na nusu kila mwaka. Wala si jambo la jana. Mwanamke wa kwanza kutiwa vifuko vya silikoni alipasuliwa huko Houston, Texas, mwaka 1962. Lililo jipya ni kwamba upasuaji huo sasa huuzwa pamoja na tikiti ya ndege, chumba cha hoteli na matembezi ya mjini, na kwamba binti wa Nairobi au Mombasa huletewa tangazo lake kwenye simu yake ya mkononi.

Huenda yupo msomaji anayedhani nimeshika kalamu ili niwasimange akina mama. La hasha! Wapo waliopoteza titi kwa saratani, na wapo waliokata shauri kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mwili ni wa mwenyewe, na sioni fahari ya mwanamume au mwanamke anayejipa uhakimu juu ya kifua cha mwenzake. Hoja yangu ni nyingine. Biashara hii huuza kisu kwa sauti kubwa, lakini kuhusu kupona hunyamaza kimya. Na kupona ndiko kuliko kurefu, ndiko kuliko na hatari, na aghalabu ndiko kunakomfika mtu akiwa peke yake.

Walimu wa lugha watanielewa nikisema kwamba Kiswahili kilikwisha kulitambua suala hili zamani. Tunacho kitenzi kutibu, na kando yake tunacho kitenzi kuuguza. Anayetibu hutoa dawa au hushika kisu. Anayeuguza hukaa kando ya kitanda, akamgeuza mgonjwa, akampa maji, akakitazama kidonda, akamwita tabibu homa inapopanda. Kutokana na kitenzi hicho cha pili ndipo tulipompata muuguzi. Kumtibu mtu bila ya kumuuguza ni kuifanya kazi nusu.

Wazee wetu walilijua hilo kwa vitendo. Mzazi alipojifungua aliwekwa ndani siku arobaini, akakandwa maji ya moto, akapikiwa uji, akapokonywa ndoo na mwiko. Haikuwa anasa. Ilikuwa elimu ya watu walioona kwamba mwili uliofumuka hauachiwi mzigo. Leo mwanamke aliyepasuliwa kifua chini ya nusukaputi huonekana siku ya tano akiburura sanduku lake katika kiwanja cha ndege cha ugenini, na tangazo likamwita mtalii!

Hebu tutazame hali halisi ya kupona huko. Kifuko huwekwa nyuma ya titi au nyuma ya msuli wa kifuani. Msuli huo ndio tunaoutumia kuinua mkono, kusukuma mlango na kujiinua kitandani. Kwa hiyo katika siku za mwanzo mgonjwa huhitaji msaada hata wa kuvaa nguo. Katika siku hizo hizo, damu huweza kuvujia ndani, titi moja likavimba ghafla na kuwa gumu, na hapo hana budi kurejeshwa haraka katika chumba cha upasuaji. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, hushauri mapumziko ya wiki moja au mbili kabla ya kurudi kazini, na kutoendesha gari wala kuinua vitu vizito kwa wiki moja angalau; ni baada ya takriban wiki sita ndipo mtu huweza kurudia shughuli zake nyingi za kawaida. Sidiria maalumu huvaliwa usiku na mchana, pengine hadi miezi mitatu.

Sasa zilinganishe siku hizo na za kifurushi cha safari, ambacho mara nyingi hakizidi wiki moja. Safari ya ndege kutoka Istanbul hadi Nairobi huchukua zaidi ya saa sita. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa kitini kwa saa nne au zaidi safarini huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa. Upasuaji wenyewe nao huongeza hatari hiyo hiyo. Ndiyo maana CDC hushauri mtu asipande ndege kwa siku 10 angalau baada ya upasuaji wa kifua au tumbo. Washauri wa Uingereza hutaja siku tano hadi saba kwa upasuaji wa matiti. Ziwe tano au kumi, mantiki ni moja: mwili ndio unaostahili kuipanga tarehe ya kurudi, si tikiti iliyokwisha kulipiwa.

Fauka ya hayo, yako madhara yasiyojitokeza hotelini. Kati ya mwaka 2013 na 2014, wanawake kadhaa wa Marekani walirudi kutoka Jamhuri ya Dominika wakiwa na vidonda vilivyokataa kupona. Walikuwa wameambukizwa bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu. Bakteria hawa huchipuka wiki kadhaa baada ya upasuaji, hawasikii dawa za kawaida, na tiba yao huchukua miezi. Aliyepasua yuko ng'ambo ya bahari. Anayekabiliwa na usaha ni daktari wa nyumbani ambaye hakuwapo.

Ninalijua hilo kwa karibu. Jamaa yangu mmoja, mwalimu kama wengi wenu, alikwenda kupasuliwa katika mji wa mbali ambao sitautaja, akarejea siku ya sita. Wiki ya tatu mshono wa upande wa kushoto ulianza kutoa majimaji. Daktari wa hapa alimuuliza maswali matatu mepesi: Umetiwa kifuko cha kampuni gani? Ulipewa dawa zipi? Kiliwekwa mbele ya msuli au nyuma? Hakuwa na jibu hata moja. Karatasi aliyopewa ilikuwa katika lugha ambayo yeye na daktari wake hawakuweza kuisoma. Wakala aliyekuwa akimwandikia mara tano kwa siku kabla hajalipa, sasa aliusoma ujumbe wake na kunyamaza. Kifuko kilitolewa hapa nchini, baada ya wiki nyingi za dawa, kwa gharama iliyokaribia ile ya safari nzima. Ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Ningekuwa mzushi endapo ningedai kwamba kila hospitali ya ng'ambo ni machinjioni. Baada ya fedha ya Thailand kuporomoka mwaka 1997, hospitali za kibinafsi za Bangkok ziliwafungulia wageni milango, na baadhi yake zimejijengea sifa ya haki. Wakenya wamekwenda India kwa miaka mingi kutibiwa moyo na figo, na wengi wamerudi wazima. Lakini angalia wanavyokwenda. Huenda na barua ya daktari wa nyumbani, huenda na ndugu wa kuwauguza, hukaa mpaka waruhusiwe, na hurudi na ripoti. Msafiri wa urembo huenda peke yake, kwa siri, baada ya kuwadanganya jamaa kwamba amefuata bidhaa za duka.

Tatizo basi si ujuzi wa mgeni. Ni uwajibikaji. Nani mwenye kidonda, mwenye kidonda avukapo mpaka?

Wanafunzi wanaotafuta mfano wa swali hilo wasome kisa cha kampuni ya Ufaransa iliyoitwa Poly Implant Prothèse. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2010 baada ya kugunduliwa kwamba ilijaza vifuko silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kutiwa mwilini. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 300,000 katika nchi 65 walikuwa wamewekwa vifuko hivyo. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake waviondoe. Mwasisi wa kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013, naye akafariki mwaka 2019. Kesi za fidia ziliendelea kwa zaidi ya mwongo mmoja. Huko Uingereza, kliniki nyingine za kibinafsi zilipokataa kuwahudumia wateja wao, ilibidi hospitali za umma ziingilie kati. Faida ilikuwa ya wachache. Gharama ikawa ya umma.

Kisa cha pili ni cha Julai 2019, wakati kampuni ya Allergan ilipoviondoa sokoni ulimwenguni kote vifuko vyake fulani vyenye ngozi ya kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani. Mwanamke mwenye kadi ya vifuko vyake aliisoma habari hiyo na kujua mara moja iwapo inamhusu. Asiye na kadi alibaki na wasiwasi tu. Ikumbukwe pia kwamba vifuko hivi si vya maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri vya silikoni vichunguzwe kwa mitambo baada ya miaka mitano au sita, na kila miaka miwili au mitatu baadaye, kwa kuwa huweza kupasuka pasipo maumivu yoyote. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa.

Pengine msomaji atasema kwamba hata hapa nyumbani yapo maafa. Naam, yapo. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi kufuatia upasuaji wa urembo. Lakini palikuwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo lilichunguza na kuamuru kliniki ifungwe. Hatua hiyo haikumfufua marehemu, ila ilionyesha kwamba ulikuwapo mlango wa kubisha. Mkono wa baraza letu haufiki Istanbul wala Bangkok.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, wakala yeyote anayewatafutia hospitali za nje wateja wa hapa asajiliwe, na mkataba wake uandikwe bayana: mgonjwa atakaa siku ngapi baada ya kisu, nani atalipa akirudishwa chumba cha upasuaji, na daktari gani atampokea nyumbani. Wakala asiyeweza kuyajibu hayo anauza nusu ya bidhaa kwa bei ya nzima.

Pili, anayekwenda asiende gizani. Amwone daktari wa nyumbani kabla ya kuondoka, aende na mtu wa kumuuguza, na arudi na kadi ya vifuko pamoja na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa lugha inayosomeka hapa. Tarehe ya kurudi iwe inaweza kubadilishwa. Akihisi kifua kinabana, pumzi inakatika, au mguu mmoja umevimba na kuuma, asingoje kesho.

Tatu, na hili ni letu sote, tuache dhihaka. Siri ndiyo inayomfanya mgonjwa abebe sanduku zito ili mtu asishuku. Siri ndiyo inayomchelewesha kwenda hospitali kwa kuogopa macho ya majirani. Kila tunapocheka katika chumba cha walimu au nyuma ya darasa, tunamsukuma mwenzetu hatua moja mbali na msaada.

Walimu nao wana kazi isiyohitaji mtaala mpya. Chukueni tangazo moja la upasuaji wa ng'ambo, mlifanye zoezi la ufahamu. Msiwaulize wanafunzi lilisema nini tu. Waulizeni halikusema nini. Liko wapi jina la daktari? Ziko wapi wiki sita? Yuko wapi muuguzi? Mwanafunzi atakayejifunza kuyaona maneno yasiyoandikwa hatadanganywa kwa urahisi na muuza matiti, wala muuza viwanja, wala muuza kura.

Mtu ana haki ya kuuchagua umbo wake, na hata nchi ya kupasuliwa. Lakini anayechukua fedha ili aukate mwili wa mwanadamu amechukua pia dhamana ya kuuona ukifunga. Dhamana hiyo haiishii mlangoni mwa hoteli, wala haifutwi na muhuri wa pasipoti.