Patasi Bila Mpini Si Chuma Chakavu

Nimekuwa kimya wiki mbili, nilikwenda nyumbani Nguvumali, Tanga, kupunga upepo. Nimerudi chuoni na hasira, kwa hiyo leo hakuna udaku wala habari za bumu. Leo naongelea mpini wa patasi. Mnacheka? Chekeni, halafu msome.

Kabla ya likizo niliona pipa kwenye karakana yetu. Ndani kulikuwa na patasi kumi na moja, nilizihesabu mwenyewe. Chuma kizima, ila mipini imepasuka au haipo kabisa. Zimeandikwa chakavu! Wakati huohuo sisi tunagombea patasi moja watu watatu. Rafiki yangu akapewa yenye mpini uliopasuka, umezungushiwa mpira wa baiskeli. Pigo la tatu tu, mpini ukafunguka, mkia wa chuma ukamwingia kiganjani. Nyuzi nne jamani. Nasi tukaambiwa tusubiri fungu la kununua mpya.

Nikauliza, kwa nini tusitie mipini wenyewe? Jibu likaja: "Binti, mchagua jembe si mkulima." Darasa zima kwikwikwi. Siku ile nilinuna tu, leo najibu.

Methali hiyo inamsema mvivu anayesingizia jembe. Haijasema jembe lilimie bila mpini! Mkulima gani mnamjua, mpini ukivunjika anatupa jembe zima? Anakwenda kukata mti. Sasa mkulima asiyesoma anajua hilo, sisi wa mwaka wa pili tunasubiri fungu. Kaazi kwelikweli.

Patasi moja niliiomba kwa barua (msije mkasema nimeiba) nikaenda nayo nyumbani kwa mzee mmoja fundi seremala, jirani yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

"Patasi, mzee. Wanasema imekufa."

Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye makali. "Aliyesema imekufa kaipima wapi?"

Tukaanza. Alinipa kipande cha mpera kilichokauka kivulini muda mrefu. Hakunipa msumeno kwanza, alinipa shoka tupasue, ili nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini. Zikikatiza ubavuni, mpini utapasuka palepale. Tundu tulitoboa kwa hatua, jembamba chini, pana juu kidogo, kwa sababu mkia wa patasi umechongoka. Mdomoni tukavisha pete ya kipande cha bomba la chuma, wazee wanaiita noleo, ili mti usifunguke. Kisha patasi ikining'inia makali chini, tukagonga kitako cha mpini, mkia ukazama wenyewe kwa uzito wake. Nikachonga pande nane ili isibiringike mezani. Asubuhi moja tu, na gharama ilikuwa msasa.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Mimi mkono wangu ni mdogo. Mwaka mzima nimeshika mipini minene ya kiwandani, nikaambiwa wasichana hatuna nguvu za kuchonga. Kumbe nguvu zilikuwepo, mpini ndio haukuwa wangu! Huu nimeupima kwa kiganja changu, na tundu nililochonga nalo lina kona za kweli.

Najua mtasema mpini wa plastiki unavumilia nyundo ya chuma. Kweli, sibishi. Lakini umetengenezwa kwa mkono wa mtu asiyekujua, na siku ukiachia, wengi hawajui pa kuanzia, wanatupa chuma kizuri. Wa mti unautengeneza upya, na unaugonga kwa nyundo ya mti.

Wala hili si mambo ya umaskini. Uingereza, zamani, patasi za Sheffield ziliuzwa sana bila mipini, fundi akajitilia mwenyewe. Japani mpaka leo seremala akinunua patasi, pete ya kichwani mwa mpini huwa anaikaza mwenyewe kabla ya kuanza kazi. Hao nao ni wachagua jembe?

Sisi Tanga tuna mitiki ya Longuza kule Muheza, tuna mikwaju, tuna mipera uani. Kinachokosekana si mti.

Hoja yangu ni hii. Zoezi la kwanza la karakana liwe kila mwanafunzi kutia mpini wa patasi yake, kwa mkono wake. Na lile pipa lifunguliwe kesho. Zimebaki kumi, mimi najitolea kuanza na mbili. Nani anachukua nane? Mwenye kovu kiganjani ameshaniambia anataka moja.

Nawakilisha.