Njaa Haifuati Mwezi Mwandamo

Juni 2016, mchana wa Ramadhani, nilishuka kwenye lori kijijini kwetu Mbwara nikiwa nimevaa fulana yenye maandishi kifuani. Tulitoka msikitini kwetu Mbagala alfajiri, watu kumi na mmoja, tukavuka Daraja la Mkapa jua likiwa bado la upole. Tulibeba unga wa sembe, sukari, tende na mafuta ya kula. Kila kaya mfuko mmoja, na ndani ya kila mfuko unga kilo tano. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza msafara kwa sababu mimi ni mtoto wa pale.

Shangazi yangu alikuwa kwenye foleni. Alipofika mbele aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akanitazama, akasema taratibu wenzangu wasisikie: "Mwanangu, unga wakati wa mavuno?"

Nyuma ya nyumba yake mpunga ulikuwa umeanikwa juu ya turubai. Jioni, tulipokuwa tunaondoka, alitutwika gunia zima la mpunga tuupeleke Dar es Salaam kwa wajukuu. Tulikwenda kuwalisha wenye njaa, tukarudi na chakula chao. Ndani ya lori tulicheka sana. Kicheko kile ninakionea haya mpaka leo.

Februari iliyofuata shangazi alinipigia simu. Hakuomba kitu, watu wa umri wake hawaombi. Alisalimia, akaulizia watoto, akasema mvua zinasumbua na nguruwe wanamaliza muhogo, kisha akasema, kama anayetaja jambo dogo, kwamba siku mbili hizi wanachimba ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini. Usipokikata vipande vyembamba ukakiloweka siku kadhaa na kubadilisha maji, kinalewesha, na kinaweza kuua. Anayekula ndiga ni mtu ambaye ghala lake halina hata punje.

Nilikwenda kwa wenzangu wa msikitini na kuwaambia kule tulikopeleka futari sasa watu wanakula ndiga. Walihuzunika kweli, siwasingizii. Wakanijibu: mfuko hauna kitu, tuvute subira, inshallah Ramadhani tutawafikia.

Shangazi hakuweza kusubiri Ramadhani. Alikwenda kwa mchuuzi akachukua debe nne za mahindi kwa ahadi ya kulipa gunia moja la ufuta mavunoni. Ufuta wenyewe wakati huo ulikuwa ndiyo kwanza unaota. Kwa bei ya sokoni gunia lile lingenunua mahindi mara mbili ya hayo na chenji ikabaki. Ramadhani ya 2017 iliingia mwishoni mwa Mei. Ndani ya mwezi ule mmoja, lori la mchuuzi lilikuja kuchukua gunia la ufuta, na lori letu likaja kushusha kilo tano za unga. Tulipishana njiani.

Ndiyo maana nasema, na najua wapo watakaokasirika: sadaka yetu ya chakula, kwa namna tunavyoitoa sasa, inafuata kalenda ya anayetoa. Kalenda ya mwenye njaa hatuijui wala hatuiulizi.

Mkulima wa Rufiji hahitaji kuelezwa njaa inakuja lini. Anavuna kati ya Mei na Julai. Anauza sehemu kulipa madeni na sare za shule, anakula kinachobaki, na ikifika Januari ghala linaanza kutoa mwangwi. Januari mpaka Aprili ndiyo miezi ya kulima, kupalilia na kukesha kwenye dungu kufukuza nguruwe na tembo, yaani miezi ya kazi nzito kuliko zote ndiyo miezi ya tumbo tupu. Mwenye njaa huacha shamba lake kwenda kulima kibarua kwa mwenzake ili ale leo, la kwake likamezwa na magugu, na njaa ya mwakani ikawa imeshapandwa. Utaratibu huu haubadiliki kwa sababu unafuata mvua. Ramadhani inafuata mwezi, nayo kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja.

Miaka hii mambo mawili hayo yamekutana, nasi tumejidanganya kwamba tumefanya hesabu. Ramadhani ya 2024 ilianza Machi, katikati ya njaa. Mwanzoni mwa Aprili, siku chache kabla ya Idi, mafuriko yakafunika Muhoro na vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, na Waislamu wengi walifika haraka na vyakula, Mungu awalipe. Lakini ile ilikuwa sadfa. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Baada ya hapo itaingia Novemba, kisha Oktoba, kisha Septemba. Haitarudi Machi mpaka katikati ya miaka ya 2050. Je, Februari zote za katikati hapo tutawaambia watu wavute subira?

Mtu ataniambia: thawabu za Ramadhani hazina mfano. Sibishi. Wala sisemi zakatul fitri ihamishwe. Ile ina wakati wake, kabla ya swala ya Idi, na pishi yake inajulikana. Ninachosema ni kwamba sheria yetu yenyewe haikuifunga zaka yote kwenye Ramadhani. Sisi ndio tuliofunga. Zaka ya fedha hufuata mwaka wa mali yako tangu ilipofika kiwango. Zaka ya mazao haina habari na mwezi kabisa: Qur'ani imeiagiza itolewe siku ya mavuno. Yaani Mola mwenyewe aliiweka zaka ya nafaka kwenye kalenda ya shamba. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kiwango chake ni wasaki tano, takriban kilo 650 za nafaka iliyo safi. Kilimo cha mvua kinatoa sehemu moja ya kumi, cha kumwagilia nusu ya hiyo. Wapo wakulima wanaofika kiwango hicho hata kwetu, na wapo watu wa Dar es Salaam wenye mashamba makubwa Rufiji ambao hawajawahi kutoa hata kilo moja ya zaka ya mpunga, lakini Ramadhani utawakuta kwenye picha za msafara.

Na kutanguliza zaka ya fedha kabla mwaka haujatimia kumekubaliwa na wanazuoni wengi, Shafi wakiwamo. Imepokewa kwamba Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), aliruhusiwa kutanguliza yake. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye mwaka wake unatimia Ramadhani anaweza kutoa sehemu Januari na dhima yake ikawa salama. Na sadaka ya hiari haina tarehe kabisa.

Ninapendekeza jambo lisilo na fahari. Fedha tunazokusanya kwa ajili ya vijiji zinunue mahindi na mpunga Julai, palepale Mbwara, kwa wakulima wa palepale, wakati bei iko chini. Leo tunanunua sembe Dar es Salaam bei ikiwa juu, kisha tunailipia mafuta ya lori kuipeleka mahali inapolimwa nafaka. Nafaka hiyo ikaushwe, ihifadhiwe kwenye ghala la wakfu kando ya msikiti, ifunguliwe Januari. Ghala moja lenye sakafu kavu na bati zima litafanya kazi ambayo misafara kumi haijaifanya. Na mwenye debe zake nne Februari hatauza ufuta ungali mchanga. Tusisahau kwamba miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka wamo wenye madeni. Tunajua kuhubiri dhidi ya riba kila Ijumaa, lakini tunamwacha mjane akope mahindi yatakayomla ufuta wake, kisha tunamletea tende.

Nimeshaambiwa kwamba viongozi wa kijiji wataiba. Huenda. Lakini wanawake haohao tunaowapanga foleni wana vikoba, na fedha zao wanazitunza kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, halifunguki mpaka wote wawepo. Anayejua kulinda akiba yake namna hiyo ashindwe kulinda mahindi? Tuwape wao funguo. Na tukubali kwamba wizi hauishi vijijini tu; sisi wa mjini nasi hatujawahi kubandika mahesabu yetu mlangoni mwa msikiti.

Nimeambiwa pia kwamba bila picha wafadhili hawatoi. Hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi, kwa sababu mwaka ule mpiga picha alimrudisha shangazi yangu mara mbili, aupokee mfuko tena, atazame kamera, atabasamu, naye amefunga na jua ni la saa saba. Qur'ani imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Zamani masimbulizi yalikuwa maneno ya mdomoni, yakasikiwa na jirani wawili yakaisha. Sasa tunayachapisha kwenye simu na yanabaki miaka. Wajukuu wa shangazi wanaisoma picha ile na chini yake imeandikwa "kaya masikini". Mfadhili anayetaka ushahidi apigiwe picha mizani, daftari, na magunia yaliyopangwa. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alibeba unga mgongoni mwake usiku kuupeleka kwa mama aliyekuwa anachemsha maji watoto wadhani ni chakula, na mama yule hakujua aliyemhudumia ni nani. Alikwenda usiku uleule aliposikia watoto wanalia. Hakuuliza mwezi umefika siku ngapi.

Sijitoi kwenye lawama. Fulana ile ninayo, na baada ya 2017 nilikwenda tena na tena, kwa sababu ni vizuri kupokewa kijijini kwenu kama mtu aliyefanikiwa. Watoto wanakimbilia lori, wazee wanakuombea dua, unarudi mjini moyo mwepesi. Nadhani hilo ndilo tunalolinunua kwa zile kilo tano.

Msafara unaokuja siendi. Nafasi yangu kwenye lori na mchango wangu wa mafuta nimeuweka pembeni mpaka Julai. Nimeshamwambia shangazi atafute mahali pasipoingia maji, na wanawake wawili wa kushika funguo pamoja naye. Aliniuliza mara moja tu kama nina uhakika, kisha akaanza kutaja majina.

Wewe unayechanga msikitini kwako, ukipitishiwa orodha ya futari mwaka huu, changa. Halafu muulize anayeipitisha: Februari, miaka ambayo Ramadhani itakuwa imeshahama, hawa watu watakula nini? Akikujibu wavute subira, mwombe akae na wewe chini mpige hesabu upya.