Mutu analeta habari, siye tunamusahihisha Kifaransa



Tuchukue mufano ambao kila mutu anaujua. Ndani ya grupe ya WhatsApp ya katiye, mutu anaandika: « Mayi imekatika tangu siku tatu, bamama banaenda kuteka ku ziwa usiku, sa nous fatigue. » Jibu la kwanza haiko « ni ku avenyi gani? ». Jibu la kwanza ni: « Ni "ça" na cédille. Rudia ku masomo. » Watu kumi wanacheka. Mayi inabaki imekatika, na yule aliyeandika hataandika tena.

Watu wanatuuliza: je, gramere na ortografia ni kitu cha maana wakati tunazungumuza tu ku telefone? Tunajibu bila kuzunguka: kuna kosa ya kusahihisha mbio, na kuna kosa ya kuacha ipite. Shida yetu ni kwamba tunafanya kinyume. Ile inayoweza kuumiza mutu tunaiacha, ile isiyoumiza mutu njo tunapigia kelele.

Tuanze na ile inayoumiza.

« Vijana watatu wameuwa. » « Vijana watatu wameuwawa. » Herufi mbili tu. Ya kwanza inasema vijana ni wauaji, ya pili inasema ni wafu. Ku inchi yetu, ndani ya hii miaka, mesaji kama hiyo inafika ku telefone elfu mbele ya mwandishi kuisoma mara ya pili. Familia inalia bure, ao familia ingine inaanza kutafutwa na watu wenye hasira. Hapo gramere haiko tena mambo ya mwalimu.

Ao angalia ile « h » ambayo siye wengi hatuitamke. « Atafika kesho » na « hatafika kesho », kwa midomo yetu mara mingi ni sauti moja. Mutu akisema, unasikia namna anavyosema, unaona uso, unaelewa. Akiandika, uso haiko. Unabaki na herufi moja ya kukuambia kama motari aliyebeba dawa anakuja ao hakuji.

Na saa! Kwa Kiswahili saa mbili ya asubui ni 8h00 ya Kifaransa. Unaandika « tukutane saa 2 », nusu ya watu wanafika asubui, nusu ingine wanafika 14h00, na kila upande unasema mwengine hana nizamu. Andika « 8h00 » ao « saa mbili ya asubui ». Ni kazi ya sekunde tatu.

Majina ya vijiji ni vilevile. Kibati na Kibumba viko vyote ku barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, lakini haiko pahali pamoja. Mama mwenye kukimbia na watoto anachagua njia kwa jina aliyosoma ku telefone. Ukikosea hapo, haumukosei mwalimu, unamukosea yule mama.

Sasa ile isiyoumiza mutu. Kitshanga, Kitchanga, Kichanga: majina haya matatu yote unayaona ku karte na ku magazeti, na kila mutu anajua ni pale pale. « Ao » na « au », « asubui » na « asubuhi », « mutu » na « mtu », « sa » na « ça », « il a manger » na « il a mangé »: nani amepotea njia juu ya hiyo? Hakuna. Habari imefika. Basi tuijibu habari.

Wengine watasema: « Lakini sheria ya lugha ni sheria. » Sawa. Tuulize basi sheria hiyo inatoka wapi.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha kwanza, inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifaransa hicho, wengi hatukukinyonya ku maziwa ya mama. Tulikipata ku masomo, na masomo ililipwa. Mbele ya 2019, hata ku shule za serikali, mutoto wa primere alikuwa anafukuzwa juu wazazi hawajalipa. Yule aliyefika darasa la tatu akaenda kusukuma chukudu, na yule aliyemaliza iniversite, wote wawili wanakatiwa mayi. Ukimucheka wa kwanza juu ya cédille, haumucheke akili yake. Unacheka mufuko ya baba yake.

Na Kiswahili? Kile tunaita « Kiswahili bora » kilipangwa na Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, ikiwa na inchi ine zilizokuwa chini ya Waingereza: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Walichukua Kiswahili ya Unguja kama musingi. Siye tulikuwa chini ya Wabelgiji, hatukuwa ndani. Hatusemi Kiswahili hicho ni kibaya. Kinatusaidia kusoma vitabu vya Dar es Salaam na kusikilizana na jirani wa Kigoma. Tunasema tu kwamba mutu wa Lubumbashi, wa Bunia ao wa Kindu akiandika vile mama yake anasema, haharibu kitu. Anaandika lugha yake.

Hata Wafaransa wenyewe walibadilisha. Mwaka 1990 walichapisha marekebisho ya ortografia, na tangu hapo neno « oignon » linakubaliwa pia kuandikwa « ognon ». Wenye lugha wamekubali kitunguu bila « i », na siye tunamunyima usingizi mwana wa Birere juu ya cédille!

Kuna mufano wetu wenyewe ambao kila kijana wa Kongo angepaswa kuujua. Mwaka 1965, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Elisabethville, mutu anaitwa André Yav aliandika historia ya muji kwa jina la watu waliofanya kazi ku manyumba ya wazungu: wapishi, maboi, wafuaji. Aliiita Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Hata hiki kichwa, mwalimu wa Kifaransa angekitilia kalamu nyekundu. Ndani, Kiswahili kimeandikwa vile kinavyosemwa, maneno yanakatwa na kuunganishwa bila kufuata kitabu cha gramere. Ili kuielewa vizuri, ilibidi isomwe kwa sauti. Johannes Fabian na wenzake walifanya kazi hiyo, wakaichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri, na leo wataalamu wa historia ya Kongo wanaitumia. Fikiria kama mutu angemurudishia Yav makaratasi yake: « Kwanza ujifunze kuandika. » Historia ya muji ingebaki mukononi mwa mabwana peke yao.

Njo hapo tunaona hatari yenyewe. Kila mara tunapocheka maandiko ya mutu, tunachagua nani ana haki ya kusema. Muuza makala ananyamaza. Mukimbizi wa kambi ananyamaza. Mama anayejua nani aliiba vitu vya msaada ananyamaza, juu anaogopa watoto wa iniversite. Wanaobaki kusema ni wale wenye Kifaransa ya kung'ara, na tunajua wote ni matangazo ngapi yasiyo na kosa hata moja yalituahidi barabara ambayo hatujaiona. Uongo inaweza kuandikwa na virgule zote pahali pake.

Na kuna mubaya zaidi, tuiseme bila kuficha. Ku mashariki ya inchi yetu, kicheko cha lugha hakiishie ku lugha. Leo tunamucheka mutu juu ameandika « r » pahali pa « l ». Kesho tunamuuliza kijiji cha babu yake. Kesho kutwa tunamuambia hii inchi haiko yake. Tumekwisha kuona watu wanahukumiwa kwa namna wanavyotamka neno. Hatutaki ortografia iwe barriere ingine ambapo watu wanachaguliwa.

Tunajua ndugu wengine wana wasiwasi wa kweli. Wanasema: « Tukiandika ovyo, wakubwa watatupa barua zetu ku kapu. » Ni kweli, na njo maana barua kwa gavana, memorandum ao tangazo ya kusomwa na inchi yote, tunaipitia siye watatu, wane, mbele ya kuitoa. Hatutaki kumupa mukubwa sababu ya kujadili virgule pahali pa kujibu swali. Mwanafunzi pia ajifunze, juu Egzameni ya Taifa haitamuhurumia. Lakini barua kwa gavana ni suti ya arusi, na mazungumuzo ya grupe ni nguo ya kazi. Hatumufukuze mutu shambani juu hakuvaa kravate.

Kwa hiyo, tunaomba kila mumoja wetu:

1. Mbele ya kusahihisha, ujiulize: hii kosa inaweza kumudanganya mutu juu ya nani, wapi, lini ao ngapi? Kama hapana, ujibu habari.

2. Kama ndiyo, usahihishe mbio, kwa upole, na mbele ya wote, juu wote wameisoma: « Ndugu, unataka kusema wameuwa ao wameuwawa? » Usiongeze kicheko.

3. Unapotuma alerte, usome tena vitu vine tu: jina la pahali, saa, hesabu, na nani amefanya nini. Hivyo vine visikosewe. Vingine Mungu atasamehe.

4. Mwenye hajui kuandika atume odio, na mwenye kujua amuandikie. Elimu tuliyopata ni ya kubebea wengine mizigo.

5. Akichekwa mutu mbele yako, usinyamaze. Uliza swali lile ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza: « Mayi imekatika ku avenyi gani? »

Kisha tuende pamoja kudai hiyo mayi.

Siye vijana, raia wa hii inchi.