Jina Lako Liko Fiti Nairobi, Lakini Huko Majuu Ni la Nani?

Skiza buda. Wewe na beshte zako mmeanzisha lebo ya tisheti. Nembo imechorwa ikakubali, wasee wa mtaa wanaivaa, na sasa cuzo yako wa Berlin anasema watu wa huko wanaulizia. Mzigo uko tayari. Swali ni moja tu: hilo jina, ukishuka nalo Ulaya, ni la nani?

Usijibu haraka. Cheti cha KIPI kinalinda jina lako ndani ya Kenya. Ukivuka hata hapo Namanga, imebaki karatasi. Na Ulaya sheria kwa sehemu kubwa ni ya aliyesajili kwanza, sio aliyelitumia kwanza.

Unadhani nakuchocha? Kumbuka kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY liwe alama yake ya biashara. Kikoi, manze! Nguo yenye mababu wa Lamu na Mombasa wamejifunga tangu kitambo. Hiyo kitu ingepita, Mkenya angeuliza ruhusa ndio auze kikoi London kwa jina lake. Wafanyabiashara wa Kenya na marafiki zao wa huko wakapinga na ombi likaanguka. Lakini hiyo ilikuwa nguo ya nchi nzima. Lebo yako ya watu watatu itapiganiwa na nani?

Sasa, Umoja wa Ulaya una njia ya mkato. Ofisi yao ya EUIPO iko Alicante, Uhispania. Unatuma ombi moja, linashika nchi zote 27 kwa miaka 10, na ikiisha unalipia tena. Bei ni euro 850 kwa kundi moja la bidhaa. Nguo ni kundi la 25. Ukitaka pia kofi shop, hilo ni kundi lingine na doh ingine. Ni zaidi ya laki moja ya Kenya, najua inauma, lakini jaribu kulipia nchi moja moja uone moto. Uingereza usiihesabu hapo: ilitoka, so ina ofisi yake na ada yake.

Noma iko hapa. Ombi likichapishwa, watu wana miezi 3 ya kulipinga. Akitokea msee mmoja wa Ureno mwenye jina linalofanana na lako kwenye nguo, anaweza kuangusha ombi lote, sio Ureno pekee. Ama neno lako liwe ni jina la kawaida la hiyo bidhaa kwa lugha moja tu ya Umoja, hata kama kwa Sheng linasound poa, umeisha. Unaweza kuligeuza liwe maombi ya nchi moja moja na tarehe yako ya kwanza ibaki, lakini utalipa kila mahali upya.

Na usidhani ukishapata unalala. Uliza McDonald's. Supermac's, mkahawa wa Galway huko Ireland, ulitaka kusajili jina lake Ulaya, McDonald's ikauzuia kwa nguvu ya Big Mac. Hao Waairishi wakarudi na swali rahisi: mnalitumia kweli kwa kila kitu mlichosajili? Kule, ukikaa miaka 5 mfululizo bila kutumia jina, linaweza kufutwa. Juni 2024 mahakama ya Umoja huko Luxembourg ikasema McDonald's haikuthibitisha kuwa imetumia Big Mac kwa sandwichi za kuku. Burger ya nyama ikabaki yao, upande wa kuku ukaenda. Kampuni yenye mawakili wa kujaza Nyayo, imechapwa na mkahawa wa mtaa!

Kwa hivyo usijaze makundi kumi ati uonekane mkubwa. Lipia unachouza.

Kuna kadirisha wasee wengi hawajui. Ukituma ombi KIPI leo, una miezi 6 ya kutuma Ulaya na kuhesabiwa tarehe ile ile ya Nairobi. Hata mtu akituma jina hilo Alicante wiki ijayo, wewe uko mbele yake. Mwezi wa saba ukifika, mnapanga laini sawa.

Kutafuta kama jina lipo hakuna malipo. Fungua TMview, andika jina la lebo, angalia kundi la 25. Fanya leo usiku, kabla cuzo hajalipia mzigo. Ukikuta mwenyewe yuko Milan, heri ujue saa hii ukiwa hujachapisha tisheti mia tano.