MAJI YA KIJANI: TWAHARA NA USALAMA



Mama mmoja wa Kisumu aliniuliza kama yafaa kutawadha kwa maji ya ziwa yaliyogeuka rangi yakawa kijani. Nikamjibu kwamba yafaa, kwani wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa maji yakibadilika kwa mwani uliomea humo wenyewe, au kwa kukaa sana, hayatoki katika twahara yake. Mama akafurahi, akasema: "Alhamdulillahi, Maalim. Basi nitayachemsha, watoto wayanywe." Hapo nikatambua kuwa nimemjibu nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Yatupasa kwanza kujua ukijani ule ni nini. Mwaka 1674 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo katika mji wa Delft, alitazama maji ya ziwa kwa kioo chake cha kukuzia, akaona viumbe vidogo mno vikienda huku na huko. Vingi katika viumbe hivyo vina mwili wa chembe moja tu, navyo ndivyo msingi wa riziki ya ziwa. Viko vya kijani, vijitengenezeavyo chakula kwa mwanga wa jua na kutoa hewa waivutayo samaki. Viko vyenye vinyweleo, viogeleavyo na kuvila vile vya kwanza. Hivi navyo huliwa na vidudu vikubwa kidogo, na vidudu huliwa na dagaa, ndio omena, na omena hufika sahanini mwetu. Ametakasika Mwenyezi Mungu, aliyetujulisha kuwa asili ya uhai ni maji, na akakipa kila kitu kipimo chake.

Walakini binadamu akiharibu kipimo, neema hugeuka adha. Mbolea ikichukuliwa na mvua kutoka mashambani, na maji ya vyoo yakimwagwa ziwani, viumbe fulani vya kijani kilichoingia samawati hupata chakula kupita kiasi. Vingi vina vifuko vya hewa ndani yake, basi hupanda juu na kutanda kama rangi iliyomwagika. Jambo hili limeonekana mara nyingi katika Ghuba ya Winam. Vikifa, bakteria huviozesha na kuimaliza hewa iliyomo majini, na samaki nao hufa.

Baadhi ya viumbe hivyo hufanya sumu iitwayo mikrosistini, idhuruyo ini. Na hapa ndipo wakoseapo wengi: kuchemsha huua vijidudu, bali hakuondoi sumu hii, tena huzipasua chembe, sumu iliyokuwa ndani ikamwagika majini. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, wagonjwa wa figo wapatao 50 walikufa baada ya damu yao kusafishwa kwa maji yenye sumu hiyo.

Basi nikamwambia yule mama: twahara ni jambo moja, na usalama ni jambo jingine, na sharia yetu imekataza madhara. Maji yenye utando wa kijani wasinyweshwe watoto wala mifugo, wala yasipikiwe. Yatafutwe ya mvua au ya kisima kilichohifadhiwa, na hayo ndiyo yachemshwe. Yakiwasha ngozi, yaachwe hata kwa udhu.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Ikiwa hilo la mtu mmoja limekatazwa, itakuwaje mji mzima kumwaga uchafu wake ziwani? Kila nyumba na ianze kwa choo chake na shamba lake.

Wabillahi tawfiq.