Mlingoti wa Televisheni na Radi



Sisi tukaao kandokando ya Ziwa Viktoria hatuhitaji kufundishwa radi ni nini. Nchi hizi zetu ni miongoni mwa zile zipigwazo na radi mno duniani. Lakini tazama mapaa ya kijiji chako. Mlingoti wa chuma umesimama, antena iko kileleni, wala hakuna waya hata mmoja ushukao ardhini! Radi ikiupiga, njia iliyo tayari ni ule waya wa antena uingiao sebuleni, walipoketi watoto.

Yafaa kufanya hivi. Nje ya nyumba, karibu na mlingoti, pigilia ardhini fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, yenye urefu wa meta 2 na nusu hivi. Kisha funga waya mnene wa shaba toka mlingotini hadi kwenye fimbo. Kanuni za Ulaya zataka usipungue milimeta za mraba 16. Waya huo upite nje ya ukuta na unyoke, kwa maana radi ikikuta kona kali huruka pembeni. Viungo vibanwe kwa skrubu, si kusokotwa kwa mkono. Waya wa antena nao, ule wavu wake wa nje uunganishwe na waya wa ardhi kabla haujaingia ndani.

Sasa lisikieni neno ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Nyumba yenye umeme wa nguzo yapaswa kuwa na fimbo yake ya ardhi tangu umeme ulipoingizwa. Fimbo hizo mbili lazima ziunganishwe kwa waya mnene. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga, upande mmoja hupata nguvu nyingi kuliko wa pili, na umeme hutafuta pa kukutana. Hukutana ndani ya televisheni! Mwenye nyumba ametoa fedha zake, kumbe ameijengea radi daraja sebuleni. Kazi hii usiijaribu mwenyewe; mwite fundi wa umeme mwenye leseni.

Tena mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme, hata ukianguka usizifikie. Aushikaye mlingoti ulioangukia nyaya hizo aweza kufa papo hapo.

Waya wa ardhi hauzuii radi kupiga. Kazi yake ni kuipeleka chini isipite kwa watu, na televisheni yaweza kuungua hata hivyo. Basi ngurumo zikisikika mbali sana, chomoeni plagi na waya wa antena. Radi ikishakaribia, msiviguse tena. Bibi ameweka juu ya mlango tawi lililobarikiwa Jumapili ya Matawi, naye amwomba Mtakatifu Barbara. Vema kabisa, asiachishwe. Lakini mjukuu achomoe plagi mapema.

Kila mwaka kabla ya masika, kagua viungo vyote. Penye kutu, fungua, kwangua, ukaze upya.